Tulivyopanda Miriakamba Bila Baba Yako

Tengeru, usiku wa kuamkia safari yako ya chuoni

Aikande mwanangu,

Hilo neno la pili nimeliandika, nikalifuta, nikaliandika tena. Nilijaribu kuanza na "Mpendwa Aikande" nikaona kama namwandikia mwenyekiti wa kijiji. Basi limebaki hilo. Karatasi haigeuzi uso, na wewe utakapoisoma basi litakuwa limeshapita Korogwe, mimi sitakuwepo kukuangalia umelipokeaje.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za kuchemsha maji, wala za vijana wa chuo. Begi umelifunga mwenyewe, na umelifunga vizuri kuliko ambavyo ningelifunga mimi. Nilijaribu kulifungua jioni hii nione kama nitapata cha kuongeza, nikakosa, nikalifunga tena. Nimefagia sebule ambayo uliifagia asubuhi. Nimeosha vikombe vilivyokuwa visafi. Nimetoka nje kuutazama mlima. Umefunikwa na wingu, hauonekani, nikarudi ndani nikiwa nimeukasirikia kana kwamba tulikuwa na miadi.

Unajua kilichonitoa kwenye utulivu. Mjomba wako alipokuja mchana kutoka kwake Usa kukuaga, nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai. Akakwambia, "Sasa mama, likizo ni Usa moja kwa moja. Huku Tengeru baba yako hayupo tena, utamfuata nani?" Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema mvua itanyesha. Bibi yako mzaa baba akaguna. Wewe ukaangalia simu yako. Nami nikaweka sinia mezani, nikauliza nani anatia sukari.

Halafu Bibi alipoinuka kurudi Akheri, ukachukua mkoba mdogo ukasema, "Anti, nitalala kwa Bibi. Alfajiri nitapita kuchukua begi." Nikasema sawa. Nilisema sawa haraka mno, nadhani uliona. Tangu mlipotoka sijakaa kwenye kiti kwa muda wa mtu kumaliza kikombe cha chai.

Kwa hiyo nakuandikia. Nataka kukusimulia msimu ule wa kupanda mlima, ulipomaliza darasa la saba. Utasema unaukumbuka. Unaukumbuka kwa upande wako. Upande wangu hakuna aliyewahi kuuliza, na mimi sikuwahi kuusema.

Marehemu mama yako alikuwa mwalimu, na kila mwaka aliwapeleka wanafunzi wake hifadhini kuona twiga na maziwa ya Momella. Alikuahidi kwamba ukimaliza darasa la saba mtapanda pamoja hadi Miriakamba, kwenye vile vibanda vya wapanda mlima, mlale huko, asubuhi mwone jua likitokea upande wa Kilimanjaro. Akafariki ahadi ikiwa bado changa. Baba yako akaibeba. Ulipofanya mtihani wa mwisho, akaniambia, "Ruth, mwezi huu na ujao, Jumamosi zote tutakwenda mlimani, ili mtoto azoee kabla ya kulala kule juu. Nataka twende watatu."

Jumamosi! Mimi muuza viatu vya mitumba, Jumamosi ndiyo soko kubwa la Tengeru, aniambie nikatembee porini. Mimi ni wa Machame. Kwetu mtu hapandi mlima bure. Anapanda akate majani ya ng'ombe, au alete kuni. Nilipomwomba jirani yangu wa sokoni anishikie sehemu, alinitazama juu mpaka chini. "Unakwenda mlimani? Kuna nini huko, umepotelewa na ng'ombe?" Nikasema nakwenda kutembea na familia. Akacheka hadi akakaa juu ya belo lake la mitumba.

Neno hilo, familia, nililisema sokoni kwa sababu nyumbani sikuwa na mahali pa kulisema. Nilikuwa nimeishi nanyi zaidi ya mwaka na ulikuwa bado unazungumza nami kwa kupitia kwa baba yako, kama watu wawili wasiojua lugha moja. "Baba, mwambie anti chumvi imezidi." Chumvi ikiwa mbele yangu na mimi nikiwa mbele yako.

Kwa safari ile ya kwanza nilichambua belo zima nikakupatia viatu vya kupandia mlima. Vya ngozi, soli haijaliwa, saizi yako kabisa. Nikavipaka rangi, nikatia kamba mpya, nikaviweka mlangoni pa chumba chako. Ukatoka, ukaviruka. "Sivai mitumba ya kafa ulaya," ukamwambia baba yako. Ukavaa vile vyeusi vya shule. Baba yako akajifanya anatafuta ufunguo wa gari.

Tulikwenda hadi kwenye maporomoko ya Tululusia, na askari wa hifadhi mbele yetu na bunduki yake kwa ajili ya nyati. Ukasema, "Baba, mwambie anti asitembee nyuma yangu." Nikapita mbele. Ukasema nakuzibia njia. Tuliporudi garini miguu yako ilikuwa na malengelenge, unachechemea, machozi yamekulenga. Na mimi, Aikande, nilifurahi. Si sana, lakini nilifurahi. Nilikaa kiti cha nyuma cha gari lile kuukuu nikiwa na umri wangu wote na ndoa yangu ya kanisani, nikifurahia malengelenge ya mtoto. Usiku nilikuletea maji ya uvuguvugu na chumvi, ukatumbukiza miguu bila kuniangalia, nikajiona mama mwema. Maji yale hayakuwa wema. Yalikuwa ushindi.

Jumamosi iliyofuata ulivaa vile vya ngozi. Hukusema neno. Mimi pia nilinyamaza, na hilo ndilo jambo la akili nililofanya msimu ule mzima hadi wakati huo.

Nimeinuka kidogo. Mbwa wa jirani alikuwa anabweka, nikafikiri ni mtu getini. Si mtu.

Nakuja sasa kwenye siku ya Ngurdoto. Tulikuwa tumesimama ukingoni, chini kule kwenye shimo la kreta nyati wanaonekana kama sisimizi, na wewe ukainama mbele uwaone vizuri. Nikapiga kelele, "Aikande! Mama yako angekuwa hai leo angekuchapa!"

Ukageuka polepole. Ulikuwa mdogo, lakini uso ule haukuwa wa mtoto. "Humjui," ukaniambia. Kwangu moja kwa moja, bila kupitia kwa baba yako. "Hujawahi hata kumwona. Usimsemee."

Baba yako akakohoa, akawaangalia nyati. Yule askari akaenda kutazama mti.

Nilikasirika njia nzima ya kurudi. Nilijiambia: nimemwokoa asianguke, haya ndiyo malipo. Lakini nilijua kwamba hukuwa karibu na kuanguka, na kwamba nilichukua mdomo wa marehemu kwa sababu wangu haukuwa na nguvu kwako. Watu wengi watakufanyia hivyo huko uendako. Watakwambia Mungu anataka, au baba yako angetaka, au hata mimi ningetaka, pale wanapotaka wao. Sikuambii uwachukie. Mimi nilikuwa mmoja wao, na nilikuwa naogopa tu.

Jumamosi ile nyingine sikwenda. Nilitandika turubai langu sokoni kama kawaida, jua likiwaka, mlima umesimama juu ya soko lote waziwazi bila wingu, kila nikiinua kichwa uko pale. Sikuweza kutulia. Nilimuuzia baba mmoja kutoka Ngaramtoni viatu viwili, vyote vya kushoto. Alirudi kabla ya jioni amevishika mkononi. "Mama, mimi nina miguu miwili ya kushoto?" Jirani yangu akasema, "Huyu leo akili yake ipo porini."

Jioni mliporudi mlikuwa mnanuka moshi na majani. Ulipita kwenda kuoga. Nikamuuliza baba yako, "Alisema chochote kuhusu mimi?"

"Hapana."

"Basi. Mwenyewe unaona. Nikae na viatu vyangu."

Baba yako alikuwa anatoa matope kwenye soli kwa bisibisi, unakumbuka alivyokuwa, kila kitu kwake kilitengenezwa kwa bisibisi. Akasema, "Nilifikiri ukija polepole atakuzoea."

"Anizoee kama nani, Elirehema?"

Akakwangua tope la soli ya pili. Kisha akasema, "Sijui kama nani. Lakini njoo tu. Ukiacha kuja, atajua kwamba kuacha kunawezekana. Na huyu mtoto ameshaachwa mara moja, ingawa si kwa makosa ya mtu."

Nilirudi. Sikurudi kwa upendo, nisikudanganye. Nilirudi kwa aibu, na kidogo kwa ubishi.

Halafu ikaja siku ya Miriakamba yenyewe, mvua za vuli zikiwa karibu kabisa. Tulibeba blanketi, ndizi za kuchemsha, nyama ya kukaanga. Baba yako alikuwa na furaha kama kijana. Hatukuwa tumefika mbali, tulikuwa tunavuka mto juu ya mawe, akateleza. Nilisikia goti lake kabla sijaliona. Akakaa majini pale, anacheka, uso umegeuka rangi ya majivu.

Askari wetu akapiga simu ya upepo, gari la hifadhi likaja kumchukua, na askari ikabidi ashuke na baba yako. Nyuma yetu lilikuwa limetokea kundi la wanafunzi wa chuo kutoka Moshi na askari wao. Baba yako akawaita, akazungumza nao, kisha akatugeukia. "Nendeni ninyi wawili na hawa."

"Bila wewe siendi," ukasema.

"Aikande, mama yako aliahidi kwamba wewe utafika. Hakuahidi kwamba mimi nitafika."

Ulimtazama. Ukanitazama mimi. Nilikuwa nimesimama na masufuria mgongoni kama punda, natamani useme hapana ili na mimi nishuke. Ukafunga kamba za viatu upya, ukaanza kupanda.

Wanafunzi wale walikuwa wanaimba mbele. Kati yako na mimi tuliacha nafasi ya mtu mmoja, ile nafasi ya baba yako, tukapanda nayo. Mbega walikuwa wanaruka juu ya miti na mikia yao myeupe, na mimi nikataka kusema "ona wale", nikaogopa hata kusema "ona wale".

Tulikuwa tumeshaupita ule mkuyu mkubwa wenye tundu ambalo gari linaweza kupita ndani yake, ukasimama ghafla. Ukaniambia niwaambie wasubiri. Ukaingia nyuma ya kichaka. Ukakaa. Askari akasogea kwangu. "Mama, mtoto asikae mbali, upande huu nyati wapo."

Nikaenda nusu ya njia. "Aikande?"

"Anti, usije."

"Siji."

Kisha sauti nyingine kabisa, sauti ya mtoto mdogo. "Anti. Njoo."

Ulikuwa umefunga sweta kiunoni, nami nikaelewa kabla hujafungua mdomo. Siku yako ilikuwa imekuja, huko juu, siku ile ile. Shuleni mlishafundishwa, hukuogopa damu. Ulikuwa unalilia kitu kingine. "Alisema atakuwepo," ukasema. "Alisema nikikua atanieleza mwenyewe."

Aikande, maneno yalikuwa yameshafika kwenye ncha ya ulimi wangu. Mama yako anakuona. Mama yako angefurahi. Nilikuwa nayo yote, matamu, tayari. Nikayameza. Nilikumbuka uso wako pale Ngurdoto. Nilisema, "Pole," basi. Nikavua khanga niliyojifunga juu ya suruali, nikaichana kwa meno, nikakukunjia, nikakuonyesha namna, nikakupa mgongo. Nikasimama pale nikitazama njia kama mimi ndiye askari, na kweli nyati yeyote angekuja saa ile angenikuta.

Ulipomaliza nikauliza bila kugeuka, "Inauma?"

"Kidogo."

"Tushuke au tupande?"

Ulivuta makamasi. "Tupande."

Yule askari alikuwa amewageuza wanafunzi wote waangalie upande wa pili, anawasimulia habari ndefu kuhusu mbega ambayo naamini aliitunga. Sikumjua jina. Nikipiga magoti kuna siku bado namwombea.

Sijui kama unakumbuka kwamba kutoka pale hatukuacha tena ile nafasi. Hatukushikana mikono, hapana, wewe si mtu wa kushikwa mkono. Lakini ulitembea karibu, na palipokuwa pabaya ulikuwa unasema "jiwe" ili nisijikwae. "Jiwe." "Mzizi." "Jiwe lingine." Mpaka tukafika vibandani.

Mawingu yalikuwa chini yetu, na upande wa pili Kilimanjaro imesimama peke yake kama kitu kilichosahauliwa angani. Ulikaa kwenye ngazi za kibanda muda mrefu. Nilikuacha. Ulikuwa na mtu wako wa kuzungumza naye pale na mtu huyo hakuwa mimi. Nilikwenda kupasha nyama. Niliporudi ukaniuliza, na lilikuwa swali la kwanza uliloniuliza tangu niingie nyumba ile, "Kule ndiko kwenu?"

"Ndiko. Pale chini ya ule ukungu wa kulia."

"Kwa nini huendi?"

Nilikwambia kidogo siku ile. Leo nikumalizie. Nilipomwambia mama yangu naolewa na mgane mwenye mtoto, alisimama mlangoni akasema, "Unakwenda kulea wa mwenzako? Ukitoka mlango huu, usiniletee kilio." Nami nikamjibu, "Sitakuletea." Nikatoka alfajiri, sikugeuka nyuma, nikajiona shujaa. Na kweli sikumletea kilio. Lakini sikumletea kicheko pia. Ulipofaulu kwenda sekondari sikumwambia. Nilipopata sehemu nzuri sokoni sikumwambia. Nilimnyima kilio nikajikuta nimemnyima kila kitu, na yeye akaninyima vilevile, tukakaa hivyo, mlima mmoja huku na mwingine kule, tunaonana kila asubuhi isiyo na wingu. Hadi baba yako alipofariki. Alikuja msibani na mkungu wa ndizi kichwani, akasema, "Nimekuja." Nikasema, "Karibu." Hatujawahi kulizungumza zaidi ya hapo. Nadhani wote wawili tunaogopa kwamba tukilifungua hatutajua namna ya kulifunga.

Kwa hiyo ninalokuomba ni hilo moja tu. Ukinikasirikia huko uliko, kasirika. Lakini niletee kilio.

Siku ile juu uliniuliza jambo lingine tena. "Ulijuta kuja kwetu?"

"Leo asubuhi, ndiyo," nikasema. "Pale baba yako aliponiachia masufuria yote."

Ukacheka. Ulijaribu kukizuia kicheko, kikakutoka puani.

Tulishuka kesho yake, baba yako alikuwa getini amefungwa goti, amekaa juu ya boneti na chapati kwenye gazeti. "Vipi?" akauliza. Ukasema, "Tumefika." Akasubiri, akatuangalia mmoja mmoja. "Na kingine?" Ukasema, "Mengine ni ya wanawake," ukaingia kwenye gari. Baba yako alinitazama na macho yamejaa maswali, nami nikapita nikaingia kwenye gari. Sikuwahi kumwambia. Alikufa bila kujua, na aliuliza mara nyingi.

Sasa usidhani nasimulia hadithi ambayo baada ya hapo kila kitu kilinyooka. Wiki iliyofuata nilikupikia loshoro, nikasaga mahindi vizuri, nikamwaga maziwa ya mgando kama Bibi alivyonielekeza, ukaonja kijiko kimoja ukasema, "Si kama ya Mama." Na haikuwa kama ya Mama. Uliendelea kuniita anti. Nililala macho wazi nikijiuliza, hata baada ya yale? Nilikuwa nimehesabu ile khanga kama mahari, nikadhani nimeshakupata. Ilinichukua muda kuelewa kwamba pale kichakani ulikuwa na shida, na nilikuwepo, na ndiyo yote. Hakuna aliyekuwa na deni.

Kileleni hatukufika kamwe. Baba yako alikuwa anasema mwaka ujao, goti likipona, gari likipona. Ukaenda bweni, mwaka ukafuatwa na mwaka, na moyo wake ukasimama gereji akiwa chini ya gari la mtu.

Baada ya mazishi kule Akheri, wazee walikaa chini ya maturubai. Ulikuwa pembeni ya Bibi na nywele zimenyolewa. Mzee mmoja akasema kwa upole kabisa, "Huyu mama bado kijana, hana mtoto kwetu, atarudi kwao. Je, mtoto atakaa wapi?" Wakaanza kuzungumza, Bibi hapa, Mjomba kule. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, ningesema kwa haki gani? Ndipo ukasimama. Ukasema, "Mimi nakaa Tengeru," ukakaa chini.

Tengeru, Aikande. Tengeru ni soko. Tengeru ni stendi, ni chumba chako, ni rafiki zako, ni barabara ya lami. Hukusema "kwa anti". Nimeligeuza neno hilo kama kiatu mkononi, ndani na nje, nitafute limeandikwa saizi gani. Sikuwahi kukuuliza. Kila likizo ulikuja, tukala, tukatazama taarifa ya habari, ukanisaidia kupanga viatu sokoni, sikuuliza. Nilijua kwamba ukimvuta mtu mkono, atakupa chochote ili umwachie.

Na sikuulizi leo. Mjomba wako ana haki. Nenda Usa. Nenda kwa moyo mmoja, yule ndiye anayecheka kama mama yako, kila mtu anasema, na ana habari za utoto wa marehemu ambazo mimi nikitafuta dunia nzima siwezi kukupa. Na Akheri pia nenda. Chumba chako jirani ameuliza kama nitakipangisha, nimemwambia kina mtu. Hicho hakikufungi kwa lolote. Ni chumba tu, kina mtu.

Nimekwambia hayo nikiwa nimekaa, na ni kweli. Sasa nimesimama tena, na hili nalo ni kweli: naogopa. Siogopi utapotea, wewe hupotei. Siogopi wanaume, umerithi macho ya baba yako na ulimi wa sijui nani. Naogopa adabu. Naogopa utakuja kuwa mtu wa kunitumia "Shikamoo anti, heri ya Krismasi, Mungu akubariki." Naogopa utanitumia kitenge kizuri kwa mtu anayepita. Ningependa afadhali unipigie simu unigombeze kuhusu kitu, chochote, kwamba nimeuza viatu vyako, kwamba chumvi imezidi.

Simu inaita.

Nimerudi. Naandika uliyoyasema kabla hayajanitoka.

"Anti, geti umeshafunga?"

"Bado. Kuna nini? Bibi mzima?"

"Mzima. Amenuna. Nimemwambia nalala nyumbani. Niko kwenye bodaboda, tumeshashuka kanisani."

"Aikande, usiku huu! Ungelala tu huko, asubuhi si ungepita..."

"Anti, mimi nina njaa. Kwa Bibi wamekula mapema. Kuna nini?"

"Kuna ugali wa mchana na maharage. Vimepoa."

"Si upashe sasa," ukasema, kwa sauti ile ya kunichoka kabisa, ukakata simu bila kuaga.

Basi naishia hapa. Barua nitaitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi ukiwa unaoga, na usipoiona hadi Morogoro haidhuru. Taa ya pikipiki nimeiona kwenye kona, na maharage hayajapata moto.

Ni mimi, niliye jikoni.